Mgambo wa Mchana, Usiku wa Nani?

Mfyuuu! Eti tuongezewe polisi.

Kila pikipiki ikiibwa hapa senta ya Mvumi Misheni, kila ukuta wa duka ukitobolewa, kila mama akiporwa mkoba akishuka kwenye gari la mwisho kutoka Dodoma mjini, wimbo ni huohuo. Diwani anauimba, wagombea wakija na spika zao wanauimba, na sisi wa kijiweni, hapa chini ya mwarobaini jirani na fundi baiskeli, tunaitikia kwa sauti zote. Mbukwenyi, jamani. Leo mimi siitikii.

Mtu asininukuu vibaya. Sijasema polisi hawatakiwi. Nauliza tu: hao wa kuongezwa waje wafanye kazi gani, kwa sheria ipi, na saa ngapi? Maana serikali ninayoiona mimi kwenye hii senta inafuata saa za ofisi. Saa mbili asubuhi mgambo huyo, buti zimekazwa kamba, mkononi kile kimashine cha kutoa risiti. Anajua meza ya nyanya ni ya nani na ya dagaa ni ya nani. Anajua nani hajalipa ushuru wa mnada, nani kafunga mbuzi penye njia, nani kamwaga maji ya vyombo mtaroni, nani kaanza kuuza pombe ya ujimbi watu hawajatoka shamba. Hasahau sura wala deni. Jua likishazama, muulizie uone kama kuna anayejua alipo.

"Sasa wewe ulitaka abaki afanye nini?" fundi baiskeli aliniuliza, mikono imo ndani ya beseni la maji, anaisaka pancha kwenye tyubu. "Usiku kuna ushuru gani?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko, na mimi nikacheka. Halafu nikaona kwamba katika risala zote za ulinzi na usalama nilizokaa juani kuzisikiliza, hakuna iliyofika pale alipofika fundi na tyubu yake.

Wageni wanaosoma haya niwaweke sawa kidogo. Mvumi yetu ni hii ya Chamwino, Ugogoni, wala si ile ya Kilosa. Ukitoka Dodoma mjini unapitia Ntyuka, unakula vumbi au tope kulingana na mwezi, unatufikia. Tuna Mvumi Makulu na Mvumi Misheni. Hapa Misheni kuna hospitali ya Dayosisi ya Central Tanganyika, ile ambayo watu wa macho wanaifuata kutoka mbali, na kuna shule. Kwa hiyo msituone kijiji mkadhani saa moja usiku tumeshalala. Hospitali hailali. Wauguzi wanapishana zamu, ndugu wa wagonjwa wanatoka kutafuta uji na maji ya moto, gari la mwisho linashusha watu wenye mabegi na mgonjwa aliyeshikwa mkono kwa sababu haoni vizuri anakokanyaga. Hawa ndio watembea usiku wetu. Vibaka wanawajua kuliko kamati ya ulinzi na usalama inavyowajua.

Watu wengi wanadhani sheria ni kitu cha Bungeni, kule mjini kwenye viyoyozi. Sheria Na. 7 ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria zake ndogo. Kijiji hikihiki chenu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, inaandaa rasimu. Mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, na pale kila mkazi mwenye miaka 18 anaruhusiwa kusimama na kubisha. Kisha inapanda juu hadi halmashauri ya wilaya, inaridhiwa, inakuwa sheria yenye meno. Mtu akiivunja anapelekwa mahakamani kama aliyevunja ya Bunge.

Sasa nenda ofisi ya kijiji chochote kanda hii, uombe kuisoma hiyo sheria ndogo. Kwanza ujiandae kuambiwa ufunguo wa kabati anao mtu aliyekwenda semina. Ukiipata, hesabu vifungu vya kutoza na vifungu vya kulinda. Kuku akizurura, faini. Usipohudhuria msaragambo, faini. Mifugo ikiingia shamba la mtu, faini, na hapo mimi nakubali kabisa. Ukifika kwenye ulinzi wa usiku utakuta kifungu kinasema kila mwanamume mwenye nguvu zake atashiriki zamu, na asiyeshiriki, ulishabuni mwenyewe, faini. Hakisemi mlinzi apewe tochi. Hakisemi akiumizwa anatibiwa na nani. Hakisemi akimkamata mtu saa nane usiku amshike vipi, ampeleke wapi, aandike nini.

Tena hata huko kutoza kuna utaratibu wake. Mtendaji wa kijiji si hakimu. Mwenye mamlaka ya kukuhukumu ni mahakama. Nje ya hapo kuna kufifilisha kosa, yaani wewe mwenyewe ukubali kwa maandishi kwamba umekosa, ulipe kiasi kilichowekwa na sheria, upewe risiti, yaishe. Pesa inayodaiwa kichochoroni, ikaingia mfuko wa shati, haina jina zuri. Mwalimu wetu mstaafu analirudia hili kila siku ya mnada mpaka mate yanamkauka, na kila siku ya mnada kuna mtu anatoa elfu tano ili aachiwe mbuzi wake.

Jambo hili lina mizizi. Wazee wa hapa hawaogopi mgambo kwa sababu ya rungu. Wanaogopa kwa kumbukumbu. Kabla kodi ya maendeleo, tuliyoiita kodi ya kichwa, haijafutwa mwaka 2003, mgambo akionekana kwenye njia ya kutoka Handali wanaume wazima walikuwa wanaingia makorongoni na kujikunyata humo hadi jioni. Baba za watu! Mke anabaki mlangoni anasema mzee kasafiri. Watoto walioona baba zao wakikimbia ndio wazee wa mitaa wa leo, na ndio unaowaambia sasa kwamba mgambo ni mlinzi wao, wampe taarifa. Taarifa gani? Ya mahali baba alipojificha?

Babu mmoja hapa, ambaye hupenda kuanza kila sentensi na "enzi za Mtemi Mazengo," alidakia kwamba enzi hizo mwizi hakuwa na pa kulala. Mtemi Mazengo ni wa hapa kwetu Mvumi, jina lake lilifika hadi kwenye shule kubwa pale Dodoma mjini, na heshima yake hatuigusi. Lakini babu, shikamoo, hata watemi wa wakati wa Mwingereza walibeba mzigo uleule. Tarishi wa mtemi alikuwa anakuja nyumbani kwa kodi kwanza, mengine baadaye. Utemi ulipofutwa mwaka 1963 tarishi akaondoka, mgambo akaja kuvaa viatu vyake. Babu alininunia. Baada ya kahawa ya pili akasema, "Kweli, baba yangu alikuwa analipa kwa mbuzi."

Kuna mara moja tu katika historia ya hapa ambapo sheria ya serikali iliwahi kutekelezwa Mvumi mpaka kila mtu akaamini. Mwaka 1986. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, uliokuwa unasaidiwa na Waswidi, ulisema udongo wa Mvumi unaisha, makorongo yanakula mashamba, kwa hiyo ng'ombe, mbuzi na kondoo watoke. Kondoa walishatoa mwaka 1979. Mgogo kuambiwa atoe ng'ombe! Lakini walitoka. Kulikuwa na gari, kulikuwa na walinzi wa kuzunguka, na ng'ombe akionekana palikuwa na mtu anayefuatilia. Mifugo leo iko, mnaiona inavuka barabara kwa maringo. Nguvu za mradi zilipopungua, miguu ya walinzi ilipungua, na kwato zikarudi. Mimi somo nililobaki nalo ni hilo: kifungu kilichoandikwa hakitembei. Kinatembezwa na mtu mwenye posho, mafuta na jukumu linalojulikana.

Tuje kwa hao vijana wa filimbi. Usiku wa senta hii, unaposikia hatua za watu watatu na kikohozi, hao ni sungusungu wetu, au ulinzi shirikishi kama wanavyoitwa kwenye karatasi. Mmoja ana rungu, mmoja ana tochi ya simu yenye chaji asilimia kumi, wa tatu ana filimbi na malaria. Hawalipwi. Asubuhi mmoja wao anaingia kwenye bodaboda bila kulala, na wewe unapanda nyuma yake kwenda Makulu.

Sungusungu haikuanza Ugogoni. Ilianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi, huko mpakani mwa Kahama na Nzega, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, silaha zimesambaa, wezi wa ng'ombe wanakuja na bunduki, na polisi ni wachache na wako mbali. Watu wakachukua pinde, mishale na filimbi, wakachagua viongozi wao, na yowe likipigwa kijiji hiki linapokewa na kijiji cha pili mpaka mwizi anakosa njia. Ilifanya kazi. Ilifanya pia mabaya, na hapa kijiweni watu huwa wanaliruka hilo: walipigwa watu wasio na hatia, na bibi zetu wenye macho mekundu ya moshi waliitwa wachawi wakateseka. Serikali mwanzoni haikujua iwakumbatie au iwakamate. Mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo, Sheria Na. 9, sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata kama mgambo wengine.

Mwaka uliofuata Augustine Mrema akaingia Wizara ya Mambo ya Ndani, yule bwana wa kutoa siku saba kwa kila mtu, akawahimiza watu wa Dar es Salaam nao walinde mitaa yao kwa sungusungu. Waziri Mkuu wa miaka hiyo alikuwa Mzee John Malecela, wa kwetu Ugogo. (Baadaye Mrema akapewa na Unaibu Waziri Mkuu, cheo ambacho hakikuwemo kwenye Katiba. Hilo tuliache, kijiwe kitahama.) Ila mjini mambo yakageuka. Mwenye nacho akalipa asilinde. Asiye nacho akalinda nyumba ya mwenye nacho. Zamu zikabaki za wapangaji na vijana wasio na kazi, mwishowe zikafa. Septemba 2022, Panya Road walipoua na kujeruhi watu Dar es Salaam, ulinzi shirikishi ukakumbukwa tena kwa haraka. Wakenya nao mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, waliazima Nyumba Kumi yetu, na wengi wao hawajui kwamba sisi wenyewe tuliishi nayo tangu enzi za TANU, na balozi wake alikuwa anajua pia nani kalipa kadi ya chama na nani hajalipa.

Turudi kwa mwizi, maana hapo ndipo kijiwe hupandisha sauti.

Kijana alikamatwa na betri za sola za watu, mbili, bado zina nyaya zilizokatwa kwa kisu. Vijana wa zamu hawakumpiga, nawasifu kwa hilo. Walitembea naye kwa miguu usiku huo hadi kituo fulani, sikitaji, wakamkabidhi. Asubuhi wao wanarudi wamechoka, njiani wanapitwa na bodaboda, abiria ni yuleyule kijana, anawapungia mkono.

"Wamekula hela!" dogo wa bodaboda anapiga kelele. "Wamekula!"

Inawezekana. Simtetei mtu. Lakini nilimuuliza dogo: walipomkabidhi, nani aliandika maelezo? Hakuna, walikuwa na usingizi. Mwenye betri alikwenda kutambua mali yake? Hakwenda, alikuwa shamba, mvua ilikuwa imenyesha, na Mgogo mvua ikinyesha humtoi shamba hata kwa hati ya mahakama. Betri ziliachwa pale kama kielelezo? Hapana, mwenyewe alizifuata nyumbani kwa mwenyekiti akazirudisha juu ya bati. Sasa polisi amshike kijana kwa lipi? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayefanya kosa mbele yake, ili mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hilo vijana walilifanya vizuri. Lakini sheria hiyohiyo haimruhusu polisi kumweka mtu mahabusu mpaka watu wa Mvumi wamalize kupalilia. Dhamana kwa makosa mengi ni haki. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni kati ya yale yasiyo na dhamana, na adhabu yake haipungui miaka 30, mtu anakwenda gereza la Isanga anatoka na mvi. Betri mbili za sola si kosa la namna hiyo.

Na hata shauri likifika mahakamani, shahidi wetu anatakiwa aende. Aende leo, liahirishwe. Aende tena, hakimu ana udhuru. Kila safari ni nauli, na kila safari ni siku ya kazi iliyopotea. Mara ya tatu haendi, na shauri linaondolewa. Kijana anarudi senta akiwa msafi kisheria, na hapo ndipo wale wenye hasira wanaanza kunong'ona juu ya matairi na petroli. Nimeshaona majivu ya namna hiyo barabarani, sitaki kuyaona tena, na atakayenong'ona hivyo mbele yangu nitamtaja mimi mwenyewe.

Kwa hiyo ukiniletea polisi kumi wapya, na njia ya kutoka kwenye filimbi hadi kwa hakimu ikabaki na mashimo hayohayo, nitapata polisi kumi wa kumpa mwizi dhamana kwa haraka zaidi.

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa amenyamaza na kofia yake, akatoa moja ya zile habari zake za vitabuni. Alisema Wamarekani waliwahi kulipima jambo hili katika mji wa Kansas City, mwaka 1972 kuingia 1973. Waligawa maeneo 15 ya doria mafungu matatu. Fungu la kwanza waliondoa doria ya kawaida kabisa, gari la polisi linaingia likiitwa tu. La pili wakaacha kama lilivyokuwa. La tatu wakaongeza magari mara mbili hadi tatu. Mwisho wakahesabu uhalifu, wakauliza watu hofu yao. Hakukuwa na tofauti ya maana. Wananchi wengi hawakugundua hata kwamba kuna kilichobadilika.

"Basi polisi hawana faida!" dogo akarukia.

"Kaa chini, mwanangu," mwalimu akasema. "Wamesema kuzungukazunguka tu hakuna faida. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba polisi akiwekwa mahali penyewe panapoibiwa watu, kwa saa zenyewe, panatulia."

Mahali penyewe! Hapa Mvumi panajulikana. Ni kile kipande kutoka magari yanaposhusha abiria hadi geti la hospitali, na uchochoro wa nyuma ya maduka. Saa zake ni kuanzia giza linapoingia hadi gari la mwisho lipite, na tena alfajiri la kwanza linapopakia. Hakuna haja ya kikosi. Askari mmoja na vijana wawili, taa mbili za sola zinazowaka kweli, na daftari. Tena kwa miaka ya karibuni Jeshi la Polisi limekuwa likipanga wakaguzi hadi ngazi ya kata, Polisi Kata tunawaita, wazo ambalo lina undugu na polisi jamii iliyohubiriwa sana enzi za IGP Said Mwema. Wazo ni zuri. Mkaguzi mmoja anayejua majina ya watu ana thamani kuliko difenda inayopita mara moja kwa mwezi ikitimua vumbi. Ila mkaguzi huyo naye ukimkuta mchana kutwa kwenye vikao, na jioni anatafuta mafuta ya pikipiki, umebadili cheo tu.

Mjini ni hadithi nyingine, na msituletee dawa yao bila kuipima. Dodoma tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, na Aprili 2018 ilipopewa hadhi ya jiji, imejaa askari, taa na kamera kwa sababu imejaa wakubwa. Sensa ya 2022 iliwakuta watu zaidi ya 700,000 kwenye jiji hilo. Kule ukisema usalama wa katikati ya mji, wanaanza na kuwaondoa watu. Machinga walihamishwa nchi nzima mwishoni mwa 2021, na Dodoma wakajengewa soko lao la wazi barabara ya Bahi. Limejengwa vizuri, sina ubishi. Lakini msambaza soksi aliyekuwa anasimama kwenye kona hadi saa tatu usiku alikuwa jicho. Ukimwondoa, kona inabaki safi na kipofu. Mwaka 1983 tulishapita huko, Nguvu Kazi, watu wakazolewa mijini wakapelekwa mashambani kwa kosa la kutokuwa na kazi. Na mpaka leo neno uzururaji likitajwa, wanaoangaliwa ni vijana waliokaa kijiweni, kama sisi hapa, ambao kwa taarifa yenu ndio tulioona bodaboda ya mwisho kuibwa na tukaandika namba.

Mama wa chai, ambaye huwa anatusikiliza huku anapindua chapati, ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko yote. Mgambo alikuwa amekuja kunywa chai. Mama akamuuliza waziwazi: "Baba, ukipangiwa usiku, utakubali?"

Mgambo akaweka kikombe. Akasema yeye ni kibarua. Posho yake inatokana na makusanyo. Asipokusanya, hana kitu cha kupeleka nyumbani. Usiku hakuna makusanyo. Akaongeza kwamba alipopita mafunzo ya mgambo alifundishwa kulenga shabaha, gwaride na kukamata mhalifu, na tangu amalize, kazi aliyopewa ni kimashine cha risiti. Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Sikuwahi kumwonea huruma mgambo maishani mwangu. Nilimlipia chapati.

Hapo ukweli umekaa wazi. Fundi alikuwa sahihi tangu mwanzo: usiku hakuna ushuru. Ulinzi wetu umefungwa kwenye mkia wa makusanyo, na palipo giza mkia haufiki.

Mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ukiitishwa, tumekubaliana kwenda wote, hata wale wanaosema mikutano ni ya wanawake na wazee. Mwalimu anaandaa rasimu kwa mkono wake, na mwandiko wake ni ule wa ubaoni, mtendaji hatapata kisingizio. Anataka mapato ya mnada yasomwe hadharani, na sehemu yake itajwe kwa jina kuwa posho ya ulinzi wa usiku, mgambo wawili wakipokezana na vijana, wakilipwa kwa saa walizolinda. Anataka kila zamu iwe na daftari la makabidhiano: nani kakamatwa, saa ngapi, na kielelezo gani, kasaini nani kituoni. Anataka nauli ya shahidi itoke kwenye fungu hilohilo. Babu ameomba kiongezwe kifungu kwamba atakayempiga mtuhumiwa naye apelekwe kituoni, na kijiwe kizima kilimtazama, maana ndiye aliyekuwa anatuhadithia enzi za Mazengo kwa hamu. "Msinitazame," akasema. "Nzega niliona."

Dogo wa bodaboda anataka walinzi wapewe viakisi mwanga, vile vikoti vya njano, kwa sababu mara mbili nusura awagonge. Kikaingia.

Fundi anabisha. Anasema halmashauri ya wilaya haitaridhia kifungu kinachopunguza makusanyo yake, na kwamba ile asilimia 20 inayosemwa kila mwaka kuwa inarudi vijijini, yeye hajaiona ikipita hapa, na angekuwa ameiona kwa sababu kila kinachopita hapa kinaharibika tairi. Mwalimu anasema ndiyo maana lazima ipite kwenye mkutano mkuu, iwe na muhtasari na sahihi, ili wakikataa wakatae kwa barua.

"Barua utaila?" fundi akauliza.

"Nitaibandika pale mnadani," mwalimu akasema, "karibu na meza ya ushuru."

Mama wa chai akasema tuandike na taa, mbili, moja panaposhushwa abiria na moja getini mwa hospitali, na tuandike betri zifungwe juu sana, kwa minyororo.